Makofi ya Lucius Tarver

Lucius Tarver hajapiga kofi hata moja kanisani tangu mwaka 1959, na alitaka tumheshimu kwa hilo.

Kwaya imepanda, kinanda kinawaka moto, bibi wa miaka tisini amesimama na mkongojo wake, kanisa zima la Kibaptisti la Pisga linapiga makofi mpaka vioo vinatikisika. Shemasi Lucius kakaa benchi la mbele, mikono kaikunja juu ya kitambi, kimya. Mgeni akimuuliza kama anaumwa, anamtazama kwa huruma na kumwambia, "Mikono hii imestaafu, dada. Ilimpigia Alvester Dukes. Sasa ipige makofi ya bure?"

Mimi ni Ernestine Mabry. Nimetengeneza nywele za wanawake wa Tarrsville, hapa Georgia, kwa miaka arobaini na saba, na hakuna wiki iliyopita bila mtu kuniletea hadithi ya Lucius saluni kwangu. Nimewadharau watu wengi maishani, siwezi kukataa, lakini wengine nilichoka nikawaacha. Lucius sikumchoka.

Alvester alikuwa kijana wa kwaya yetu. Aliichukua sauti ya kanisani, ile ya kumlilia Mungu, akaenda nayo kumlilia mwanamke, na kabla yake hapa kwetu hakuna aliyethubutu. Wazee walimsimamisha mbele ya ushirika Jumapili moja, wakapiga kura, wakamtoa. Leo wajukuu wa wazee hao wanatembea na fulana zenye picha yake. Wimbo wake wa kwanza, "Jumanne Nitarudi", unaanza na makofi matupu, kwa sababu mpiga ngoma hakutokea siku ile. Makofi manane, halafu sauti yake. Kila mtu hapa anayajua. Watoto wanayapiga kwenye madawati ya shule bila kujua yametoka wapi.

Na makofi hayo, kwa maelezo ya Lucius, yalikuwa yake.

Maisha yake yote aliyajenga hapo. Kiwanda cha matofali kilimfanya msimamizi wa zamu, na hajui tofali zuri na bovu, kwa sababu bosi alipenda wimbo ule. Kinyozi hakumtoza. Misibani alipakuliwa sahani ya kwanza, kabla ya wafiwa, naye aliipokea. Ushemasi aliupata vivyo hivyo, tena kwa kanisa lililomfukuza Alvester! Akisimama kuomba, lazima apite studio kabla ya kufika mbinguni: "Bwana, wewe uliyeiongoza mikono hii siku ile ya Agosti..." Nilikuwa nafumbua macho nimwangalie vizuri, nipate cha kuwasimulia wateja kesho yake.

Mkewe, Eula Mae, alimbebea koti. Naam, koti, na Biblia, na mfuko wa dawa zake. Alipika jikoni shule ya msingi miaka thelathini na miwili, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye vidole virefu. Lucius alipoanza hadithi yake, Eula aliinuka kwenda kuangalia kama kuna barafu. Kila mara. Nilimdharau naye. Nilisema mwanamke anayekaa nusu karne na mwanaume mwenye hadithi moja, bila hata kumkatiza, hana damu mwilini.

Halafu kasha likaja.

Kampuni moja ya mbali ilikusanya rekodi zote za mwanzo za Alvester, ikazitia kwenye kasha zito: santuri nne, na kitabu kinene chenye picha. Halmashauri ya mji ikazinduka. Miaka yote jengo la studio aliporekodi, hapa hapa mjini, lilikuwa duka la matairi na hakuna aliyejali, sasa wanataka kubandika kibao cha shaba ukutani, chenye majina ya wote waliopiga wimbo wa kwanza. Kazi ya kuhakikisha majina akapewa Shanteria Coley, binti wa watu, mwenye kalamu tatu mkobani na heshima nyingi.

Kitabu kilikuwa na majina. Piano fulani, gitaa fulani, besi fulani, wote tumeshawazika, na Alvester mwenyewe pia. Chini yao: "Makofi: hajulikani."

Lucius alikuja saluni kwangu na kitabu hicho, wanawake watatu wakiwa chini ya mashine za kukaushia nywele.

"Hajulikani!" akafoka. "Mimi! Ernestine, mimi sijulikani?"

"Kwangu mimi unajulikana sana, Shemasi."

"Usinifanyie mzaha wako. Kibao kinapelekwa kuchongwa Jumatatu. Yule binti anasema hawezi kuniandika kwa neno langu tu, anataka watu wathibitishe. Watu! Nani kabaki?"

"Eula si alikuwepo?"

"Eula alileta kuku," akasema, kama ninavyomsikia akisema siku zote. "Aliingia akatoka. Mwanamke anajua nini kuhusu kurekodi?"

Kwa hiyo akaitisha kusanyiko. Jumapili, baada ya ibada, ukumbi wa chini wa kanisa. Tusikilize wimbo pamoja, yeye asimame aeleze, wazee waitikie, Shanteria aandike. Jina lake likae kwenye shaba hata sote tukishakufa. Hilo ndilo alilolitaka, na alilitaka vibaya.

Tulijaa. Kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, sukuma wiki iliyopikwa na nyama ya moshi, pai ya viazi vitamu, mapipa mawili ya juisi nyekundu. Lucius alivaa suti ya rangi ya maziwa na viatu vya rangi hiyohiyo. Ana miaka sabini na minane na amejipulizia manukato kama bwana harusi. Eula alikuwa upande wa meza, anakata pai.

Mchungaji akaweka santuri ya kwanza. Makofi manane yakatoka. Jamani, hata mimi mwili ulinisisimka. Yalikuwa makavu, yamechelewa kidogo tu, ule uchelewaji wa mtu anayejua anachofanya. Halafu Alvester akaingia, na wazee wakaanza kufuta macho.

Wimbo ulipokwisha Lucius akanyanyua viganja vyake viwili juu, akavigeuza huku na huku kama mtu anayeuza samaki.

"Hivi hapa," akasema. "Mmevisikia wenyewe. Binti, andika. Lucius, L, U..."

"Amina!" wakaitikia wazee.

Shanteria akatoa kalamu. Na mimi, ambaye sikuwahi kuitikiwa amina na mtu yeyote ingawa nimewapendezesha mama zao wote hata kwenye majeneza, nikashindwa kuvumilia.

"Subirini," nikasema. "Kitabu kinasema santuri ya nne ina vipande vilivyokataliwa, pamoja na maongezi ya studio. Tuweke hiyo. Huenda Alvester anamtaja Shemasi kwa jina."

"Hakuna haja," akasema Lucius haraka. "Chakula kinapoa."

"Makaroni yako kwenye moto, hayapoi."

"Ernestine, wewe mwanamke mdomo wako haujaoza tu?"

"Bado, Shemasi. Naupaka mafuta."

Watu wakacheka. Mchungaji naye alikuwa na hamu, nilimwona. Santuri ya nne ikawekwa. Lucius akatafuta kiti akakaa.

Kwanza ilikuwa mikwaruzo, kiti kinavutwa, mtu anakohoa. Halafu Alvester akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Makofi yakaanza.

Niwaeleze jambo. Kwetu, katika hesabu hiyo ya moja hadi nne, kofi linakaa kwenye mbili na kwenye nne. Hakuna anayefundishwa. Mtoto analipata akiwa mapajani mwa bibi yake, kabla hajaota meno. Mtu akipiga kwenye moja na tatu, benchi zima linageuka kumtazama, na mama yake anatazama sakafu.

Makofi yale yalikuwa kwenye moja. Na kwenye tatu. Yana nguvu, yana raha zake, yanakwenda mbio kumkimbia Alvester. Piano ikapotea njia. Wimbo ukaanguka.

"Simameni, simameni," ikasema sauti ya Alvester, changa, hai. "Nani huyo anaua mbu?"

Kicheko kikalipuka, kule studio na huku ukumbini.

"Lucius, ndugu yangu. Wewe ni mtu mwema. Umetuleta vizuri, na hiyo Buick ya mjomba wako ni gari zuri sana. Sasa nenda kakae ndani yake."

"Alvester, nijaribu tena..."

"Umejaribu mara sita, Lucius. Nenda garini."

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Halafu Alvester tena: "Eula Mae! Weka hilo beseni chini, njoo hapa."

"Mimi?" Sauti ya msichana. "Nina mikono ya mafuta, nimeshika kuku."

"Njoo na mafuta yako."

Moja, mbili, tatu, nne. Na yakaja yale makofi manane.

Hapo ukumbini hakuna aliyegusa uma. Nilingoja furaha inijie, nimeisubiri miaka arobaini na saba, na kwa muda kidogo ilikuja kweli, niliona raha mpaka vidoleni. Sasa nikaelewa mikono iliyostaafu. Majigambo yale yote kumbe yalikuwa woga! Alikaa miaka hamsini na saba kanisani mikono imekunjwa, asije akapiga mbele yetu tukajua.

"Huyo ni Lucius mwingine," akasema Lucius.

"Mwingine mwenye mjomba mwenye Buick?" akauliza mzee mmoja kutoka nyuma.

"Hizi kanda wanazichezea siku hizi! Mashine zinafanya chochote!" Akageuka. Manukato yake yalikuwa yamegeuka jasho. "Eula. Waambie."

Eula alikuwa bado ameshika kisu cha pai. Akakifuta kwa kitambaa, akakilaza mezani.

"Niwaambie nini, Lucius?"

"Waambie ilivyokuwa."

"Wamesikia ilivyokuwa."

Shanteria alimsogelea, taratibu, na daftari lake. "Mama, yale makofi ni yako?"

"Ni yangu."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

Eula akafikiri. Sijawahi kumsikia akizungumza mbele ya watu zaidi ya kutangaza ratiba ya usafi.

"Nilimkuta garini analia," akasema. "Analia kama mtoto. Akaniambia nikiwaambia watu, hawezi tena kuonyesha uso hapa Tarrsville. Nikamwambia sitasema. Kufika njia panda akaniomba nikubali anioe. Nilidhani atasimulia wiki mbili, tatu, halafu atachoka." Akamtazama mumewe, bila hasira hata kidogo, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Nilisema sitasema, na sikusema. Leo kasema Alvester."

Niliona aibu, na aibu mimi sijaizoea. Yule niliyemwita hana damu ndiye aliyekuwa anatupigia wimbo wetu, na kila hadithi ilipoanza alikwenda kutafuta barafu ili asilazimike kuisikia. Mimi nilikuwa nacheka saluni. Lucius nilimdharau kwa haki, na bado namdharau, lakini Eula nilimdharau kwa uvivu, sikuwahi hata kumuuliza swali moja. Nimemwosha kichwa mwanamke huyo kila wiki mbili tangu mwaka 1969.

Shanteria akafungua ukurasa mpya. "Basi niandike Eula Mae Tarver?"

Lucius akainua kichwa. Nilimwona anavyohesabu: Tarver, kwenye shaba, afadhali Tarver. Rangi ilianza hata kumrudia usoni. Hata hapo, hata baada ya hayo yote, mtu huyu alikuwa anatafuta pa kuingilia.

"Hapana," akasema Eula. "Andika Eula Mae Pinkston. Siku ile sikuwa mke wa mtu."

Shanteria akaandika, akamsomea herufi moja moja, Eula akaitikia kwa kichwa kila herufi.

"Na mimi je?" akasema Lucius. Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Eula. Na mimi waniandike wapi?"

"Wewe ulikuwa garini," akasema Eula, akachukua kisu akaendelea kukata pai.