Sauti ya Bibi Iliyokwama kwenye Diski

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walipokuwa wanahamia Dodoma na mizigo yao, mimi nilikuwa nimeshahamia sebuleni, na sijaona sababu ya kuhama tena. Nina kuku wa mayai uani hapa Miyuji, nina kiti chenye shimo la umbo langu, na nina kompyuta ya mezani iliyostaafu kwenye ofisi fulani, ikauzwa kwa bei ya mstaafu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na Kiingereza changu kilibaki kidato hichohicho. Kinatosha kusoma karatasi ya dawa ya kuku, ingawa huwa nawapa nusu ya kilichoandikwa ili nikikosea nikosee kidogo.

Nayasema haya mapema ili msomaji asinidai akili ambayo sikuwa nayo.

Bibi yake mke wangu, mzaa mama, alikuja kwetu kutoka Chemba kutolewa mtoto wa jicho. Bibi wa mke ni mtani, kwa hiyo aliposhusha tu mzigo alitangaza kwamba mimi ni mume wake, na mke wangu akageuka mke mwenza. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, naye aliipokea: "Marahaba, mume wangu wa ndani." Ukisikia haraka unaweza kudhani ni mapenzi. Alimaanisha kwamba siku ya nne inapita hajaniona nikivuka geti.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikulia mjini, na Kisandawe cha mama yake, lugha ya kugonga ulimi, kilimpita pembeni. Mwaka uliotangulia tulikwenda msibani kwao, na wanawake walipokuwa wanapokeana kwa salamu zao za kilio, yeye alisimama na kanga yake mkononi kama aliyekosea nyumba. Shangazi yake akamkaribisha kwa Kiswahili, taratibu, kama unavyomkaribisha mtu wa serikali. Alilia sana siku ile, na hakumlilia marehemu peke yake.

Basi bibi alipokuja, kila alasiri walikaa jikoni, simu katikati yao, mke wangu akimrekodi. Salamu, majina ya vitu na ya ndege wa porini, hadithi za asali. Ile salamu ya kilio ya kumpokea mwenye msiba bibi aliikataa kwanza. Alisema kulia pasipo na maiti ni kuita maiti. Mwisho akakubali kuisema mara moja tu, tena akiwa amegeukia ukuta. Mpango ulikuwa kwamba Ijumaa, siku moja kabla bibi hajarudi kwao, waketi wasikilize zote na bibi amweleze neno kwa neno. Baada ya hapo ingekuwa shida, maana huko kwao simu hupandishwa kilimani kutafuta mtandao kama mbuzi wanaotafuta majani.

Jumapili simu ikajaa. Hapo ndipo nilipoingia mimi, bila kuitwa. Nikazihamishia rekodi zote kwenye kompyuta, nikaziweka kwenye folda niliyoiita Bibi, kisha nikazifuta kwenye simu. Mke wangu aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia simu ni kitu cha kuanguka kwenye beseni, lakini kompyuta haijawahi kuanguka popote, yenyewe inakaa. Nilijiona nimesema neno kubwa. Kukaa ndiyo fani yangu.

Jumatatu bibi akafanyiwa upasuaji. Jumanne mchana umeme ulikatika kompyuta ikiwa inawaka, ukarudi, ukakatika tena. Nilipowasha, kila kitu kilikuwepo isipokuwa Bibi. Jina la folda lilikuwepo, ila nikiibonyeza kinatokea kisanduku cha kusema kwamba haisomeki, niikague diski. Nikakubali ikaguliwe. Kompyuta ikasema nizime niwashe, ndipo ikague. Nikakubali tena. Ilipowaka ilileta skrini nyeusi yenye maandishi meupe ya Kiingereza, na katikati yake nikalitambua neno moja. Ilikuwa inasema haiwezi kufungua volume.

Volume naijua. Volume ni kile kitufe cha duara kwenye redio ya baba, ambacho ukikigusa wakati wa taarifa ya habari unalala na njaa. Nikaelewa papo hapo, na huko kuelewa ndiko kulikonitesa siku mbili. Kompyuta inasema haiwezi kufungua sauti. Na ndani ya folda kulikuwa na nini? Sauti. Sijawahi kuona Kiingereza kikikubaliana na shida zangu kiasi kile.

Nikachomoa nyaya za spika nikazichomeka upya. Nikapandisha sauti hadi mwisho. Nikaazima kwa jirani spika zake kubwa, nikaziunga. Nikawasha, na skrini nyeusi ikarudia maneno yaleyale, ikaghairi ukaguzi, ikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Pembeni chini kikajitokeza kisanduku cha kijani cha antivairasi kunijulisha kwamba nimelindwa. Nikabonyeza Bibi. Haisomeki, kagua diski. Nikaagiza ukaguzi. Zima, washa. Haiwezi kufungua volume. Halafu kijani: umelindwa. Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja ameshaifanya safari hii. Dirisha la kwanza linakutuma la pili, la pili linakuambia bila muhuri wa la kwanza usirudi, na mlinzi wa getini anakutakia siku njema.

Nikawaza, labda ni kirusi. Nikaifungua antivairasi na kila chenye alama ya kuwashwa nikakiwasha. Ulinzi wa hiki, ulinzi wa kile, na vingine ambavyo hadi leo sijui vilikuwa vinalinda nini. Nikaiamuru ipekue diski yote. Diski ikaanza kugonga ndani ya sanduku: ta, ta, kwa, ta.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti changu, kitambaa kikiwa jichoni. Akainamisha kichwa akasikiliza.

"Mume wangu, hicho kitu chako ni cha kwetu?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Kinagonga ulimi kama sisi. Ila hakikufundishwa na mtu. Kinarudia neno moja tu, tena la aibu."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Wazo lilikuwa limenijia kwamba huenda ni sauti yake ndiyo inayogonga mle ndani ikitaka mlango. Mimi siamini mambo hayo. Nilisogeza sikio tu, kidogo.

Mke wangu aliporudi kutoka shuleni alishangaa kuona spika za jirani. Nikasema natayarisha Ijumaa, nataka isikike vizuri. Akafurahi, akanisifu mbele ya bibi kwamba safari hii nimefikiria mbele. Chakula cha jioni ile sikukisikia ladha.

Jumatano nilivaa viatu. Fundi aliyeniwekea antivairasi ana kibanda Nkuhungu. Nikafika nikakuta kufuli, na namba ya simu imeandikwa mlangoni kwa chaki. Nikapiga. Alikuwa Gulwe kumwona mama yake, na mtandao wa huko ulikuwa unapita kama treni ya mizigo, ukishapita usubiri tena. Nikamweleza kwamba kompyuta imegoma kufungua sauti. Akauliza maswali mawili ambayo sikuyaelewa, nikajibu ndiyo yote mawili. Kisha akasema, "Sasa kaka, kwanza kabisa, zima," na treni ikapita.

Nikarudi nyumbani nikazima. Nikazima kompyuta, nikachomoa waya ukutani, na kwa kuwa sikujua tatizo limesambaa mpaka wapi, nikachomoa na friji. Nikakaa mbele ya kioo cheusi kusubiri utulivu uifanye kazi yake. Bibi akapita akipapasa ukuta, akasimama nyuma yangu kwa muda. Akasema daktari amemfunika yeye jicho moja tu, sasa huyo aliyenifunika mimi yote mawili ni wa hospitali gani.

Alhamisi mchana fundi alipiga mwenyewe. Aliniambia niwashe, nimsomee maneno ya skrini nyeusi kama yalivyo, herufi kwa herufi. Nikamsomea. Akacheka, na mtandao wa Gulwe, uliokatika kwenye kila jambo la maana, ulinifikishia kicheko chote bila kukatika.

"Kaka, hiyo volume siyo sauti. Ni diski yenyewe. Mkaguzi anasema hawezi kuifungua diski aikague kwa sababu kuna mwingine ameishikilia."

"Nani?"

"Antivairasi. Inaamka kabla yake, inaikumbatia diski yote. Mkaguzi akifika anakuta imeshikwa, anaondoka. Si nilikwambia jana uizime? Ulizima nini?"

Nikasema nilizima. Habari za friji sikuziingiza.

"Lakini inaniambia nimelindwa."

"Umelindwa kweli," akasema. "Hata fundi hapiti."

Aliniongoza hatua kwa hatua. Kuizima juu juu hakukutosha, kila nikiwasha upya inaamka nayo. Mwisho akaniambia niiondoe kabisa. Ikaniuliza mara tatu kama nina hakika, kwa lugha ya unyonge, nikajisikia kama namfukuza mlinzi ambaye kosa lake ni bidii. Nikaiondoa. Nikawasha upya, na safari hii skrini nyeusi haikulalamika. Ilianza kuhesabu asilimia. Ilifika kumi na moja ikakaa. Nami nikakaa.

Mke wangu akanikuta hapo. Yeye Kiingereza anakisoma, kwa hiyo hakuniuliza maandishi yanasema nini. Aliuliza ni nini kimeharibika. Nikamwambia yote, tangu umeme wa Jumanne.

"Kwenye simu ulifuta zote?"

"Zote."

"Na ya msiba?"

"Na ya msiba."

Alizitazama zile namba. Asilimia kumi na moja bado. Hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza. Alikwenda kumdondoshea bibi dawa ya jicho. Nikawasikia wakiongea chini chini, halafu bibi akapandisha sauti makusudi inifikie. Alisema ya asali atarudia, ya ndege atarudia, hata za kunicheka mimi atarudia bure. Lakini kilio alishakitoa, na hakitoi mara ya pili kwenye nyumba ya watu wazima wasio na msiba.

Ukaguzi uliisha kabla kuku hawajapanda kulala. Folda ya Bibi haikuwepo tena. Badala yake palikuwa na folda ngeni yenye mafaili ya namba tupu, hayana majina, hayafunguki. Nikampigia fundi. Akasema hizo ndizo rekodi zenyewe, mkaguzi huokota anachokikuta na kukipa namba, nizibadilishe mikia ya majina, zile herufi za baada ya nukta, zitacheza. Nikabadilisha. Ziliingia ishirini na tatu, zikatoka ishirini na mbili. Mke wangu alikuwa amezipa kila moja jina lake, na majina yote yalikuwa yamepotea. Hakuna aliyejua ni ipi iliyobaki mle ndani. Ilibidi tusikilize.

Ijumaa jioni tukakaa, bibi kwenye kiti changu, jicho likiwa limefunguliwa na linaniangalia kwa udadisi mpya. Mke wangu na daftari. Mimi kwenye kitufe. Nikafungua ya kwanza na spika za jirani zikatoa sauti yangu mimi, nikiuliza kutoka uani pumba za kuku ziko wapi, katikati ya hadithi ya mtu aliyefuata nyuki siku mbili. Bibi akasema hiyo mke mwenzake aitie jina la pumba.

Tukaendelea. Kila moja bibi aliitambua kwa maneno mawili ya mwanzo, mke wangu akaandika jina lake upya. Asali. Salamu za asubuhi. Vyombo. Mimi nilijaribu kuandika neno moja kwa upande wangu, nikakuta herufi nilizofundishwa shuleni haziufikii ule mlio wa kugonga ulimi. Tukafika ya kumi na tano, ya kumi na nane. Ya msiba haijatokea. Mke wangu aliacha kuandika majina kwa mwandiko wa kialimu, akawa anakwaruza tu. Sikuthubutu kumwangalia.

Ya ishirini na moja ilianza kwa ukimya, halafu sauti ya mbali kidogo, ya mtu aliyegeukia ukuta.

Bibi naye akageuka, akautazama ukuta wangu wa sebuleni mpaka ilipoisha. Mke wangu akaomba niirudishe. Nikairudisha. Mara ya tatu alianza kuifuata kwa midomo, pole pole, na palipokuwa na kugonga ulimi alikosea. Bibi hakusema neno, kwa sababu alikwishaapa. Lakini aliinua kidole kimoja juu ya goti, na kila ilipofika mahali pa kugonga alikigonga kwenye goti. Tuliirudia nadhani mara kumi. Mwishoni kidole na ulimi vilikuwa vinafika pamoja.

Iliyopotea ilikuwa ya ndege. Bibi aliirudia palepale, akaongeza na ndege wawili aliokuwa amewasahau. Kesho yake asubuhi mke wangu alinunua flashi mbili, akahamisha rekodi zote, na mpaka leo hajaniambia zinakaa wapi.

Tulimsindikiza bibi stendi. Siku hiyo nami nilivuka geti. Kabla hajapanda gari mke wangu alimuaga kwa lugha yao, sentensi nzima. Bibi akamtazama kwa jicho jipya, akamjibu kwa sentensi ndefu kuliko yake, akinielekeza mimi kidevu, nao wakacheka wameshikana mikono, mke na mke mwenzake.

Gari lilipoondoka nikamuuliza amesema nini.

"Sijaelewa yote," mke wangu akasema. "Nimeelewa kuku, na mume."

Yaliyobaki nikayajaza mwenyewe.