Chombo cha Mwisho Mbele ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu huwaambia majirani kuwa mimi ni profesa, cheo ambacho chuo kikuu bado hakijashawishika kunipa. Yeye ni Mkuria wa Migori, mimi Mjaluo wa Homa Bay. Tunazungumza Kiswahili, na kwa adabu ya pande zote mbili hatukai karibu. Akinisogelea, nasimama.

Jumamosi moja mke wangu alikuwa jikoni akisonga ugali, nami sebuleni nimeinamia simu. Mama, aliyekaa mlangoni akichambua maharagwe, aliwanyamazisha kuku na jirani kwa pamoja: "Shhh! Profesa anafanya kazi."

Nilikuwa nikiendesha chombo cha angani.

Ni mchezo rahisi. Chombo chako kiko kushoto, maadui wanamiminika kutoka kulia, na anga haikungoji: inasogea tu, uwe tayari usiwe tayari. Watu hudhani raha yake ni kufyatua risasi. La. Raha ni ule upenyo mwembamba kati ya risasi mbili, unaoupita huku umebana pumzi, kama ninavyopita kati ya matrekta ya miwa pale Awendo. Na ukilipuka, kosa ni lako peke yako. Chuoni, makosa yangu hugawiwa kamati nzima.

Kwa wiki tatu nilikuwa nikishindwa na meli kubwa ya mwisho. Siku hiyo niliifikia nikiwa nimebakiwa na chombo kimoja. Risasi zikajaa kama omena wavuni. Nikajilaza upande wa kushoto, kiti nacho kikanifuata.

"Mkwe, tumbo linauma?"

"Hapana, mama. Kazi tu."

Hakuridhika. Nikasikia ungo ukiwekwa chini, kisha nyayo. Nilipaswa kusimama, nikajifanya kiziwi. Akafika nyuma yangu, akatazama. Nikajua uprofesa umekwisha.

"Hapo chini kuna nafasi!" akasema. "Pita chini!"

Kweli ilikuwepo. Lakini sauti yake ilikuwa sikioni mwangu, na miguu yangu imelelewa vizuri. Ikasimama. Chombo kikalipuka.

"Sasa umesimama ya nini?"

"Heshima, mama."

"Heshima baadaye. Kaa, anza tena." Akavuta kigoda, akaketi karibu kuliko mila inavyoruhusu.

Jirani akauliza kutoka uani kama profesa amemaliza kazi.

"Bado," mama akajibu, macho kwenye simu. "Ni ngumu hii. Namsaidia."