Shangazi wa Mitambo na Gitaa Lililopotea Ukumbini

Siku fundi makochi mmoja, aliyepiga gitaa kwenye bendi, alipomwona Shangazi kwa mara ya kwanza, aliona miguu yake tu. Ilikuwa imetokeza chini ya meza ya duka la mitambo ya muziki, imevaa raba za kiume zisizo na kamba, na moshi wa risasi ya kuchomea nyaya ulikuwa ukipanda taratibu kutoka huko chini. Fundi alikuwa amebeba amplifaya la gitaa lake begani. Kwa kuwa alikuwa mtu wa haya, ambaye hata kupiga hodi kulimtoa jasho, alisimama mlangoni mguu mmoja ndani, mmoja nje, akingoja aonekane.

"Hodi hailipiwi ushuru, baba," sauti ikasema chini ya meza. "Weka huo mzigo. Na usiniambie mtambo umekufa, hilo nitalisema mimi."

Akatoka kinyumenyume, mwanamke mnene wa makamo ya juu, miwani imefungwa kisogoni kwa waya wa gitaa. Kabla hata ya kulifungua lile amplifaya aliliinamia akalinusa, kama mtu anayenusa maziwa ya jana.

"Pole. Transfoma imeungua. Ningeweza kukupa moyo, lakini Jumapili nahamia kwa binti yangu, sitaki kuacha wagonjwa nyuma."

Kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Ujanani alikuwa mkata tiketi kwenye mlango wa ukumbi wa starehe. Siku moja fundi mitambo hakutokea, bendi ikawa imekwama, yeye akaacha tiketi akakaa kwenye mikisa, ile meza ya vitufe vya kuchanganyia sauti, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwinua kwenye kile kiti.

Fundi makochi alibaki akilitazama amplifaya lake kama mfiwa. Jumamosi bendi yao ilikuwa na harusi, na kiongozi wa bendi alikwisha kumwambia mbele ya wenzake: "Kinanda kina mlio wa gitaa humo humo ndani. Ijumaa kwenye mazoezi nisipokusikia, mpiga kinanda atashika sehemu yako, na wewe baki na makochi yako." Hilo watu walilijua. Ambalo hawakulijua ni kwamba lile amplifaya lilikuwa refu la kumfika kifuani, na miaka yote alipiga gitaa akiwa ameketi nyuma yake. Wengi waliocheza nyimbo zake hawakuwahi kuiona sura yake.

"Siku hizi watu hawabebi makabati," Shangazi alisema. "Kuna mashine ndogo za kidijitali, zinaiga sauti ya amplifaya. Nyumbani unavaa hedifoni, ukumbini unachomeka waya moja kwa moja kwenye mikisa. Nyumbani unaishi na nani?"

"Na mke wangu. Na mama mkwe."

"Basi hedifoni ni lazima."

Alipanga mashine tatu mezani, akazifunika kwa mataulo, akaacha vitobo vya waya tu. Ndivyo alivyouza siku zote. Alisema macho yana tamaa, mteja akiona taa nyingi ananunua taa. Akampa gitaa. Fundi akalishika, vidole vikagoma. Shangazi alimgeuzia mgongo akaanza kuosha vikombe, na vilipokwisha akaanza kuviosha vilivyokwisha kutakata.

Ya kwanza ilikuwa na sauti nzuri lakini haikuwa na kitufe cha kukanyaga, na mwanamuziki katikati ya wimbo hana mkono wa tatu. Ya pili ilikuwa na milio mingi mno. Kutafuta mmoja kulikuwa kama kutafuta chumba cha mgonjwa katika hospitali usiyoijua. Kwenye ya tatu alipiga wimbo mzima.

"Hii, Shangazi."

"Kwa nini hiyo?"

"Nilisahau kama upo."

Shangazi akacheka mpaka akashika sinki. Akamwambia aende nayo, akajaribu, Ijumaa watakutana mazoezini, kwa sababu mitambo ya harusi ile ilikuwa yake na ndiyo ingekuwa kazi yake ya mwisho.

Wiki hiyo fundi makochi alikuwa mtu mwenye raha. Jioni alivaa hedifoni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaupamba mlio wake: akaongeza besi hadi ikawa nene kama uji, akaongeza mwangwi kama wa pangoni. Mama mkwe alichungulia akamwona akitikisa kichwa, macho kayafumba, chumba kimya kabisa.

"Mwanangu," alimwita binti yake, "njoo umwone mumeo, anakuna ubao."

"Mwache, mama. Afadhali akune huo kuliko atukune sisi masikio."

Ijumaa, kwenye mazoezi ukumbini, alichomeka waya kwenye mikisa kwa kujiamini. Ngoma zikaingia, gitaa la besi likaingia, kinanda kikaingia, naye akaingia, na hakuna aliyejua kama ameingia. Aliongeza sauti, akasikika mvumo tu, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya godoro.

"Gitaa liko wapi?" kiongozi aliuliza.

"Limeenda kunywa chai," mpiga kinanda akajibu. "Nilishikie nafasi?"

Fundi alianza kuukunja ule waya. "Nilichagua vibaya," alimwambia Shangazi kwa sauti ya chini. "Chukua mashine yako."

"Mashine haina kosa. Umeileta na mlio wa chumbani. Chumbani ulikuwa peke yako, ukajaza kila pembe. Hapa besi ina mwenyewe, na ukumbi una mwangwi wake. Umeenda kukaa kwenye viti vya watu."

Aliinama, magoti yakalia, akakata besi, akaondoa mwangwi wote, akapandisha sauti za katikati. Fundi akapiga peke yake. Ulikuwa mlio mkavu, wa bati.

"Shangazi, huu ni mbaya. Nitachekwa."

"Peke yake, ndiyo, mbaya. Waambie waingie."

Wakaingia. Na lile bati likapita katikati ya ngoma na kinanda kama sindano inavyopita kwenye kitambaa cha kochi, kila noti mahali pake. Kiongozi wa bendi alihesabu moja, mbili, kuanzisha wimbo unaofuata, na mpiga kinanda akarudi kwenye milio yake ya kinanda.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Mashine ilikuwa sakafuni, ndogo kama tofali, na nyuma ya tofali mtu hajifichi. Fundi alijibanza mbele ya meza ya mikisa, karibu na Shangazi, akainamisha kichwa akapiga. Wimbo baada ya wimbo mikono ikamlegea, ikaanza kufurahi yenyewe. Ukafika ule wimbo ambao gitaa huanza peke yake. Kiongozi akamgeukia, akampa ishara, naye akaanza, na bibi harusi akainuka kwenda kucheza. Watu waligeuka kutazama mlio unatoka wapi, wakamwona, naye hakuacha kupiga.

Shangazi aliondoka asubuhi iliyofuata na hawakuonana tena. Neno lake la mwisho kwake lilikuwa lile alilomwambia pale harusini, wimbo ule ukiendelea, mkono wake ukiwa juu ya vitufe, shingo ameinyoosha:

"Sogea mbele, Fundi. Umeniziba, simwoni bibi harusi."