Mchanga wa Masara

Udongo wetu ni mweusi na mzito. Ukilowa unanasa jembe. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Sikusomea kilimo popote. Najifunza kwa simu, na nikishajifunza kitu siwezi kukifanya nusunusu. Kwa hiyo muuguzi alipomwambia mke wa kaka yangu, mwenye mimba ya kwanza, kwamba damu yake iko chini na ale mboga za majani, nilijipa kazi ya kumtengenezea tuta la osuga, mnavu wetu mchungu, lisilo na kasoro.

Video zilisema udongo wa namna hiyo unataka samadi iliyooza na mchanga wa kuulegeza. Samadi tulikuwa nayo. Mchanga niliupata Masara, kando ya mashine za kusaga mawe ya dhahabu: kilima cheupe, laini, na waliokuwepo wakaniambia nichukue tu. Niliuleta kwa boda boda, nikauchanganya kwa mikono, nikiponda kila bonge. Osuga ikastawi. Shemeji akawa anaichuma jioni na kuipika kwa maziwa.

Kisha yule mwenye boda boda akapita tena, akaegemea ua.

"Buda, hiyo ndiyo mboga ya dhahabu?"

"Ni osuga tu."

"Ule mchanga umeoshwa kwa zebaki ya kunasa dhahabu mpaka ukachoka. Ukiona sufuria inang'aa, niite tugawane."

Akacheka, akawasha pikipiki. Mimi nilikaa chini palepale na simu. Kila nilichosoma kuhusu zebaki kiliishia kwa mtoto aliye tumboni. Niliingia jikoni, nikaepua sufuria na kumwaga mboga shimoni.

"Umerogwa?" Mama akauliza.

Nikawaeleza.  Shemeji aliweka mkono juu ya tumbo na kuuacha hapo.

Kliniki walisema kipimo cha zebaki hawana. Aache mboga zile, aendelee kuja, wataangalia mtoto anavyokua. Niliporudi nilianza kuchimba. Nilichimba hadi chini ya mizizi, na magunia yalipojaa ndipo nikaona sina pa kuyapeleka. Shamba letu linateremka mtoni, na mto unakwenda ziwani. Nikiyarudisha Masara, atakuja mwingine mwenye tuta lake. Yako kwenye banda la kuku tusilolitumia tena, yamefunikwa turubai. Mvua ikianza, natoka kuyaangalia. Mama ameacha kuniuliza naenda wapi.

Tuta jipya nililiweka upande wa juu wa boma: udongo wetu wenyewe, samadi, majani makavu, basi. Limejaa mabonge. Osuga yake ni fupi. Ilipofaa kuchumwa, shemeji alikuja akasimama kando yangu.

"Na hii udongo, umetoa wapi?"

Nikamwonyesha kila mahali: hapa nilipochimba, zizi lilikotoka samadi, mti uliotoa majani. Alisikiliza hadi mwisho, akachuma, akaenda kupika. Baadaye alileta sahani moja tu ya ugali na mboga, akaiweka mbele yangu.

"Kula wewe kwanza, shemeji."

Hakuwa anatania. Nikala, yeye akiniangalia mdomo, mpaka sahani ikaisha. Ndipo akaenda kujipakulia, kidogo.