Sol ya Mzee Nathanael

"Nimesema sol."

"So ya wapi, mzee? Unatuchanganya."

"Sol ni sol, kijana. Haina ya wapi."

"Basi kapige kwenu Burundi. Mkimbizi ndo atufundishe jazi?"

Baa nzima ikageuka kutazama. Hata mchoma mishikaki akaacha kupepea.

Aliyeropoka hilo neno la mwisho ni mimi, Selestine wa Kashaulili, hapa Mpanda. Shule niliachia form two. Ninachojua ni gitaa la besi, nalo nimelijulia kwenye kwaya ya kanisa.

Jumapili mchana tukitoka misa tunakutana kwenye hiyo baa tunapiga jazi. Siyo dansi za wazee wetu, nasema jazi ya Wamarekani. Kuna nyimbo zao kama mia hivi, kila mpigaji anatakiwa awe nazo kichwani, maana hamna mazoezi. Mtu anataja wimbo, anataja ufunguo, yaani noti unayosimamia wimbo, C au F au G, mnaingia. Ukizubaa imekula kwako.

Mimi nilikuwa nazo tisa. Miezi saba nazikariri kwenye simu, vidole sugu tupu. Nikajiona mwamba.

Mzee Nathanael alikuwa nazo karibu zote. Kila Jumamosi anatoka Mishamo, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi zamani, na basi, analala kwa binti yake, kesho yake yuko kwenye kiti chake na gitaa. Hana maneno. Na kwenye zile tisa zangu, nne kaninyoosha yeye.

Sasa siku hiyo tulikuwa tumemaliza wimbo wa ufunguo wa F. Mzee akasema unaofuata ni sol. Kwaya ilivyonifundisha, so ni ya tano kutoka kwenye do mliyonayo. Do ni F, basi so ni C. Nikaingia na C kwa mbwembwe.

Mzee akaingia na G.

Jamani, ilikuwa kama mabati yanang'olewa. Watu wakacheka. Wakanicheka mimi, na Monika, msichana niliyemwalika mwenyewe, yuko meza ya mbele. Ndo nikaropoka.

Mzee akainuka. Akalifunga gitaa kwenye kitenge, akatoka.

Leodgar mwenye vyombo akaniuliza, "Sele, una uhakika yeye ndo kakosea?"

"Mia kwa mia. Yule kachoka."

Jumapili iliyofuata kiti kitupu. Ya pili, kitupu.

Ya tatu akaja Pudensiana, dada mmoja mpiga kinanda, kasomea muziki kwa masista Bujumbura. Nikamsimulia huku nacheka.

Yeye hakucheka. "Alisema so au sol?"

"Si kitu kilekile?"

"Siyo kilekile. Nyie do yenu inahama, wimbo ukipanda nayo inapanda. Kule Burundi do haihami. Do ni C mpaka unakufa. Sol ni G." Akaniangalia. "Mzee alikutajia ufunguo, Sele. Vizuri kabisa."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake nikapanda basi la Mishamo. Nikamkuta shambani anapalilia maharage. Gitaa lipo kivulini, pembeni daftari liko wazi. Nikachungulia.

"So ya F ni C. So ya G ni D. So ya A ni E."

Kurasa mbili nzima. Mzee wa watu alikuwa anajifunza upya kwa so yetu, akidhani yeye ndo mjinga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Nikamweleza yote. Nikasema nilisikia vibaya, anisamehe, arudi, wenzake wanamngoja.

Akatabasamu. "Aa, kumbe. Hiyo basi imeisha. Kila mtu na alikofundishwa."

Nikapumua.

"Na lile neno lingine?" Sauti haikupanda hata kidogo. "Nimeingia nchi hii nina miaka kumi na tatu. Nina kitambulisho cha taifa kama chako. Lile nalo ulisikia vibaya?"

Nikatafuta jibu. Naandika hapa leo bado sijalipata.

Ndugu zangu, kukosea noti hakumuui mtu, unafundishwa unaendelea. Ila lile neno sikukosea. Nilikuwa nalo ndani siku zote, hata siku ananishika vidole kunionyesha pa kubonyeza. Chunguza na wewe umeficha lipi.

 Mzee akaokota jembe, akanipa mgongo, akaenda zake mwisho wa shamba.