Dirisha la Chumba cha Darini

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025. Mvua nyembamba iliyochanganyika na barafu ilinyesha jijini Columbus, Amerika, tangu alfajiri, na katika mtaa wa Linden, mbele ya nyumba ya Shemasi Samsoni, njia ilikuwa imemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu mpaka ikawa nyeupe. Kanyange alivua viatu mlangoni akijua kabisa kwamba siku hiyo hatapendwa.

Watu walikuwa wamekuja kushuhudia mkono. Katika kanisa lao la watu wa milima ya Kivu ya Kusini, ndugu akimuuzia ndugu nyumba, wawili hao hupeana mkono kwanza mbele ya wazee, maombi yakafanywa, chai ya maziwa ikanywewa, ndipo mambo ya benki yakafuata. Mkono ukishatolewa, anayerudi nyuma hana uso tena. Mutware, mume wa Kanyange, alikuwa amevaa koti la harusi na kukaa karibu na Samsoni, muuzaji, tayari.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili chini na kimoja darini, chini ya paa. Hicho cha darini ndicho wangelalamo binti zao, Isaro na Gift. Kwa sababu hiyo, Alhamisi Kanyange alikwenda ofisi ya ujenzi ya jiji kuuliza kama chumba kiliidhinishwa. Aliambiwa kwamba jiji linajua stoo tu chini ya paa lile. Hakuna aliyeomba kibali, wala mkaguzi hajawahi kupanda huko.

"Kabla ya mkono," alisema, "nauliza juu ya chumba cha darini. Kibali kiko wapi?"

Angelika, mke wa Samsoni, aliweka birika mezani kwa nguvu.

"Kibali cha nini, mama Isaro?" Samsoni aliuliza akitabasamu.

"Cha jiji. Nilienda kuwauliza. Hawajui kama kuna chumba."

Tabasamu likaondoka. "Ulienda kwa jiji? Donc, kwa hiyo umenishitaki?"

"Nimeuliza tu, shemasi. Sikutaja jina lako."

"Na anwani yangu? Si ndiyo jina langu?"

Wanaume wakaguna. Chumba kile walikijenga wao. Kiangazi kimoja walikuja kila Jumamosi, kama kule milimani mtu anapojengewa nyumba: huyu na mbao zake, yule na misumari, wanawake wakipika uani. Ngazi alizitengeneza Mutware mwenyewe. Kuuliza kibali ilikuwa kuitemea mate mikono yote iliyokuwa sebuleni, na Kanyange alilijua hilo.

"Afande amefika!" alisema Cyubahiro, kiongozi wa kwaya, na watu wakacheka. "Simameni, mupekuliwe!"

Jina hilo Kanyange alilipata mji wa Louisville, walikofikia kwanza Amerika. Sufuria ya mafuta ya jirani ilishika moto, ngazi pekee ya jengo ikajaa moshi, na Kanyange akatupa godoro nje, akawatoa watoto dirishani. Tangu siku hiyo, kila anapoingia jengo hulikagua kama askari, akitafuta njia ya pili ya kutokea. Mwanzoni watu walimpongeza. Baadaye wakachoka naye.

Mutware aliinama sikioni mwake. "Nyamaza. Unanivua nguo mbele za watu."

"Nitanyamaza tukitoka huko juu," akajibu, akaanza kupanda.

Walimfuata wakinung'unika. Chumba kilikuwa kizuri: kuta nyeupe, zulia jipya, dirisha moja jembamba pembeni. Kanyange akalifungua, baridi ikaingia.

"Ngazi ikijaa moshi, mtoto anatokea wapi?"

"Hapo," Samsoni akasema.

"Haya, pita."

Samsoni alilitazama dirisha, akalitazama tumbo lake. "Bon, mimi si mtoto."

"Afande anataka shemasi azaliwe mara ya pili!" Cyubahiro akasema, na kicheko kikajaa darini.

Mutware alivua koti kwa hasira. "Nitapita mimi, tumalize upuuzi huu." Akaingiza kichwa, akaingiza mkono mmoja, kisha mabega yakakwama. Alisukuma, akarusha miguu, akatukana kwa sauti ambayo wazee walijifanya hawaisikii. Wanaume wawili walimvuta kiunoni. Alirudi ndani na sikio lililochubuka, shati limechanika.

"Isaro ni mwembamba," Samsoni akasema.

"Isaro ana miaka kumi na sita. Mabega yake ni ya baba yake." Hakuna aliyecheka. "Omba kibali, shemasi. Wakaguzi waje wapasue ukuta wakague, dirisha lipanuliwe. Nitasubiri."

"Nipasue kazi ya ndugu zangu kwa ajili ya woga wa mwanamke? Jules wa Buffalo anaitaka nyumba hii tangu Noeli. Wiki ijayo anakuja na batoto bake wote, na hataniuliza makaratasi." Akamgeukia Mutware, akanyoosha mkono. "Wewe ndiye kichwa cha nyumba yako. Mkono, ndugu yangu."

Mutware aliutazama mkono ule akijisugua bega. Kisha akaokota koti lake na kushuka bila kumuaga mtu.

"Usirudi kwangu, Afande!" Angelika alimfokea Kanyange mlangoni. "Hata kwenye msiba wangu, usirudi!"

Mutware aliendesha gari mpaka walipokaribia kwao Whitehall.

"Ngazi zangu ni imara," akasema.

"Ni imara," Kanyange akajibu. "Sikuuliza habari za ngazi."

Usiku Mutware alilala kwenye kochi.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya ibada, Kanyange alimpigia simu Vestine, mke wa Jules, huko Buffalo. Alimweleza yote: jiji, chumba, dirisha.

"Umekosa nyumba, sasa unaharibu jina la shemasi?" Vestine akauliza.

"Sema hivyo ukitaka. Lakini siku mtakayokuja, kabla ya chai, mwambie mumeo apitishe mabega kwenye lile dirisha."

Simu ikakatwa. Kanyange akawaamsha binti zake, akavaa sare ya kwaya, akaenda nao kanisani. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa mwisho kabisa wa safu, karibu na mlango wa nyuma. Akakaa.