Skrini Nyekundu Katika Chumba cha Giza

Usiku kucha nilijiuliza kama skrini ya kompyuta iliyojazwa rangi nyekundu inafaa kusafishia picha. Taa nyekundu ya studio ya mjomba, hapa Ifakara, ilikuwa imeungua, na wazazi walikuwa wanakuja kutoka Malinyi kufuata picha za kipaimara cha watoto wao. Nilipima kila hatari, mpumbavu mimi, nikasahau kwamba kompyuta isipoguswa kwa muda hurusha nyota nyeupe kwenye skrini. Ziliporuka, boksi letu la mwisho la karatasi za picha, zinazoungua kwa mwanga mweupe, lilikuwa wazi. Kila picha ikatoka nyeusi.

"Ndicho ulichosomea chuo kikuu?" mjomba alifoka. "Kawaambie umeme ulikatika."

Nilimkasirikia, nikajikasirikia zaidi. Nikawafungulia wazazi mlango.

"Shikamooni. Umeme upo. Picha nimeziharibu mimi."